Umefunga tu, hujatoka

Watu wa Moshi mnawaamini sana watu wa steshenari aisee. Mtu humjui jina wala kwao, unafika tu unampa namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha fomu foo, paswedi ya akaunti ya kuombea ajira, alafu juu ya hayo yote unaskani WhatsApp yako kwenye kompyuta ya duka ili utoe kapidiefu ka kurasa mbili, ukishapewa makaratasi yako unalipa unavuka barabara unawahi bajaji ya Pasua. WhatsApp umeiacha pale pale mezani. Inaendelea kulia, grupu la ukoo, grupu la vikoba, grupu la wazazi wa darasa la tatu, na meseji za mtu umemsevu Fundi Bomba lakini mambo anayoongea saa nne usiku sio ya mabomba kabisa.

Mi nina kaduka hapa mjini, kuprinti, kopi, laminesheni, kujaza fomu za watu mtandaoni, na kwa kazi hii unayajua mambo ya watu bila hata kuuliza. Msimu mgumu kuliko yote ni dirisha la mkopo wa elimu ya juu likifunguliwa, na zile siku ajira za walimu na afya zikitangazwa, hapo vijana wanajaa mpaka kibarazani, huyu ana jimeili hii, yule ana ile, mmoja anataka kuangalia Facebook kidogo wakati mtandao unasumbua, ikifika jioni kwenye brauza moja, yaani ile programu ya kufungulia mtandao, nina akaunti za watu ambao hata sura zao nishazisahau. Mi utaratibu wangu mteja akiinuka natoa kila kitu mbele yake anaona. Lakini sio kila duka wanafanya hivo, na wala siongelei wezi, naongelea kijana aliyechoka, foleni ndefu, bosi anapiga simu, umeme unacheza. Akaunti yako inabaki wazi kwa sababu hakuna aliyekumbuka.

Na tatizo kubwa ni kwamba wengi wanaamini wakibonyeza ile alama ya x nyekundu pale juu wametoka. Hujatoka. Umefunga tu. Hata ukizima kompyuta nzima kwa hasira, bado hujatoka.

Iko hivi. Ukiandika paswedi, Facebook au Instagram haikai inakuuliza wewe nani kila ukigusa kitu. Inakuuliza mara moja pale mlangoni, ikiridhika inaipa ile brauza kitu kama kadi ya harusi, na kuanzia hapo anaeangaliwa ni mwenye kadi sio sura. Ukifunga ukurasa kadi inabaki kwenye ile kompyuta, umeme ukikatika ukarudi kadi ipo, yeyote atakayekaa kwenye kile kiti anaingia mpaka meza kuu wakati wewe ushafika Himo unashuka kwenye basi. Kulogauti, yaani kubonyeza palipoandikwa toka, ndo kuichana hiyo kadi. Wenyewe wataalamu wanakaita kuki, kalibuniwa mwaka 1994 na jamaa wa Netscape anaitwa Lou Montulli, na wala hakuwa na nia mbaya, alitaka tu tovuti iweze kumkumbuka mtu kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, maana bila hivo ungekuwa unaandika paswedi mpaka vidole vinaota sugu.

Sasa habari njema ambayo watu hawaijui, na ndo imenifanya nikae niandike hii maana nimechoka kuirudia kaunta: huhitaji kurudi dukani. Karibu kila akaunti ina sehemu inakuonyesha orodha ya simu na kompyuta zote ambazo imefunguliwa na imebaki wazi, na unaweza kuzifukuza zote ukiwa umelala kitandani kwako Majengo.

Nianze na WhatsApp maana ndo yenye kesi nyingi. Kuna mama mmoja anauza vitenge Mbuyuni alikuja dukani amekasirika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hebu niangalizie hii simu, kuna mtu ananisomea meseji."

Wateja wake wanamlalamikia, mama umesoma hujajibu, tiki za bluu zinaonekana kabisa, na yeye simu iko kwenye pochi chini ya meza toka asubuhi hajaigusa. Alishaenda kwa fundi, fundi akamwambia ina virusi hiyo, inataka kuflashiwa, elfu kumi na tano. Nikabonyeza vidoti vitatu pale juu kulia, nikaingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, simu ikiwa kingereza utakuta pameandikwa Linked devices. Vilikuwepo viwili, vyote Google Chrome, Windows, kimoja kilitumika siku kadhaa nyuma na kingine kimetumika leo leo mpaka saa na dakika zipo. Mama akavaa miwani akaisogeza simu mbali kidogo akasoma.

"Huyu Windows ndo nani? Mi simjui."

Nikamwambia mama Windows sio mtu, ni kompyuta ya mtu. Nikagusa ya kwanza nikaitoa, ya pili nikaitoa. Bado tunaongea simu ikaita, ni kijana wa dada yake, anasoma chuo hapa hapa Moshi na anakaa kwake. Mama akaweka spika.

"Mama mdogo mbona WhatsApp yangu imekata?"

"WhatsApp yako ipi baba? Ya kwako si unayo kwenye simu yako?"

Kimya. Duka zima limenyamaza, hata aliyekuwa anasubiri kopi kaacha kuhesabu makaratasi. Kumbe kijana kipindi fulani alimsaidia kupandisha picha za vitenge kwa kutumia laptopu, akaskani, kazi ikaisha, yeye akanogewa. Eti alikuwa anaangalia tu status. Na ukisoma meseji kwenye kompyuta iliyounganishwa, kule kwa aliyetuma tiki zinakuwa bluu kama kawaida, haijalishi simu iko kwenye pochi au iko wapi. Hiyo nyingine bila shaka ilikuwa ya steshenari fulani, sikutaka kuchimba.

Mambo ya kujua hapo. Simu moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne vingine. Zamani ukizima data kwenye simu na kule kwenye kompyuta inakata, watu walikuwa wanatumia huo ujanja, wanatoka dukani wanazima data wanajua wamemaliza. Kuanzia 2021 walipoanza kubadilisha mfumo, kompyuta inajitegemea, simu yako ikizima chaji, ikikosa bando, kule inaendelea kupokea. Inajikata yenyewe kama simu yako yenyewe haijatumika siku 14 na kuendelea, na wewe siku 14 bila kushika WhatsApp labda uwe juu Kibo. Kwa hiyo usingoje ijikate. Ukiwa na iPhone hiyo sehemu ipo ndani ya mipangilio, sio kwenye vidoti. Na ukiwa bado umekaa pale dukani ni rahisi zaidi, kwenye kompyuta yenyewe kuna menyu juu ya orodha ya chati, toka, ikikuonyesha ile picha ya kuskani ujue imekubali, hapo ndo inuka.

Facebook na Instagram zote ni za kampuni ya Meta so njia zinafanana. Mistari mitatu, mipangilio, alafu ile sehemu yao ya Kituo cha Akaunti, ingia kwenye nenosiri na usalama, humo ndani kuna palipoandikwa mahali ulipoingia. Ukifungua inakuletea orodha, simu aina gani, mji gani, lini. Unatiki zile usizozitaka unazitoa kwa mpigo. Telegram ndo wamefanya vizuri kuliko wote kwa maoni yangu, mipangilio, vifaa, kuna kitufe kimoja chekundu kinatoa wote kasoro simu uliyoshika, na chini yake unachagua mwenyewe akaunti ikikaa muda gani bila kutumika ijitoe. TikTok ipo kwenye mipangilio upande wa usalama, tafuta vifaa. X, ile Twitter ya zamani, kwa mnaoipata ni kwenye usalama wa akaunti, aplikesheni na sesheni. Jimeili kwenye kompyuta shuka chini kabisa ya inboksi upande wa kulia, kuna kimaandishi kidogo sana cha maelezo, ukikibonyeza inakuambia mara ya mwisho imefunguliwa wapi na wapi na unaweza kuitoa kwenye brauza nyingine zote. Na kwanini vitufe vya kutoka huwa vimefichwa chini kabisa baada ya kuskroli mipangilio yote hiyo, mi nina mawazo yangu. Mwenye duka hawezi kukuwekea mlango wa kutokea karibu na wa kuingilia.

Sasa ukishafungua hiyo orodha usipaniki. Kila wiki lazima nipate mtu anakuja mbio, dada nimedukuliwa, kuna mtu yuko Dar anatumia Facebook yangu! Tulia. Ule mji ni makisio kutokana na mtandao unaotumia, unaweza kuwa umekaa Soweto hapa hapa Moshi unakula mtori na yenyewe inaandika Dar es Salaam, ni simu yako hiyo hiyo uliyoshika mkononi. Angalia aina ya simu na saa kabla hujaangalia mji. Nako kwenye aina kuna vituko, simu za Samsung nyingine zinaandikwa kwa herufi na namba tu, mtu ana A15 anaona SM-A155F anajua ni mdukuzi wa Kirusi. Kama simu unaitambua na muda ni wa kwako, acha. Kama ni simu ambayo hakuna mtu kwenu anayo, na imeingia saa nane usiku we ukiwa umelala, hapo toa haraka na paswedi badilisha hapo hapo, ukibadilisha watakuuliza unataka kutoa vifaa vingine au vibaki, sema vitoke.

Lakini kabla hujavitoa vyote naomba ujiulize kitu kimoja, paswedi yako unaijua? Sicheki, nauliza kweli. Nusu ya wateja wangu akaunti walifunguliwa. Alinunua simu, kijana wa dukani akamfungulia jimeili na Facebook pale pale, paswedi akaiweka anayoijua yeye, na jimeili yenyewe wakati mwingine ni ya huyo kijana. Miaka mitano mtu anatumia akaunti ambayo ufunguo wake hana, na haimuulizi chochote kwa sababu hajawahi kutoka. Siku akijitoa ndo kwaheri. So hakikisha kwanza namba ya simu iliyoko kwenye akaunti ni yako na iko hewani, na jimeili ni yako, alafu ndo uanze kufukuza watu.

Hili tuliliona wote Jumanne ile ya tarehe 5 Machi 2024. Kama saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na Messenger zikawatoa watu dunia nzima kwa mpigo. Unaandika paswedi sahihi inakataa. Hapa mjini ilikuwa kizaazaa, watu wanapigiana simu nimedukuliwa nimedukuliwa, kuna kaka alifika anahema anataka nimfungie ATM kadi yake, nikamwambia kaka mimi ni steshenari. Baada ya kama masaa mawili ikarudi, Meta wakasema ni tatizo la kiufundi. Waliokuwa wanajua paswedi zao waliingia wakaendelea na maisha, na wale wa kufunguliwa ndo niliowahudumia kesho yake kuanzia asubuhi, na wengine mpaka leo wamefungua akaunti mpya, ile ya zamani ipo tu inaelea huko na picha za kipaimara cha mtoto.

Kuna wakati kampuni yenyewe ndo inakutoa makusudi na inakuwa imekusaidia. Septemba 2018 kuna wadukuzi walipata upenyo Facebook, hawakuiba paswedi za watu, waliiba zile kadi. Facebook walichofanya ni kuzifuta zote zilizokuwa na wasiwasi, watu kama milioni 90 wakajikuta wako nje wanaambiwa waingie upya, baadae uchunguzi ukasema walioibiwa kweli ni kama milioni 30. Angalia hapo ilivyo, mwizi hakuhitaji paswedi ya mtu hata mmoja. Ndo maana mtu akiniambia mi paswedi yangu ngumu ina nyota na namba, simjibu, naendelea kumtolea kopi, maana ngumu au rahisi, kule ulikoiacha wazi haiulizwi tena.

Turudi kwenye kompyuta za watu maana sijamaliza. Ukilogauti Facebook kwenye simu ya rafiki yako, angalia pale mwanzo, picha yako bado imekaa pale na jina, ukiigusa tu inaingia bila kuuliza kitu. Hiyo ni kwa sababu ulipoingia ilikuuliza nikukumbuke, ukabonyeza sawa bila kusoma. Toa na hiyo picha, kuna sehemu ya kuondoa wasifu kwenye kifaa. Instagram nayo hivo hivo. Messenger ni aplikesheni nyingine, usidhani ukitoka Facebook umetoka na huko, iangalie kivyake. Na kwenye brauza, kile kiboksi kinachotokea juu kinauliza nikutunzie paswedi, kikitokea kwenye kompyuta isiyo ya kwako jibu ni hapana, siku zote hapana, maana ukishakubali hata ukilogauti kumi anaekuja anabonyeza tu inajijaza yenyewe. Mbaya zaidi ni wale wanaoingiza jimeili kwenye Chrome wanabonyeza ndiyo ndiyo ndiyo mpaka kompyuta ya duka inavuta paswedi zote walizotunza kwenye simu yao. Nishawahi kufungua paswedi zilizotunzwa kwenye mashine moja niliyonunua kwa mtu, nikakuta mpaka ya mfumo wa matokeo ya chuo ya binti nisiyemjua. Nikafuta zote nikanyamaza.

Kwa kompyuta ya duka mwambie mtu akufungulie lile dirisha jeusi lenye kofia na miwani, kwenye Chrome ni Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Hilo ukilifunga linasahau kila kitu, ila ulifunge lote kweli, kama kuna madirisha meusi mawili yamefunguliwa na moja limebaki, bado kumbukumbu ipo. Na halifuti mafaili. Hapa ndo watu wanasahau kabisa, unaweza ukatoka vizuri kila mahali na ile NIDA yako uliyodaunlodi imebaki kwenye folda pamoja na vyeti vyako na barua ya kuacha kazi ambayo bosi wako hajaiona bado. Mwambie kijana aifute na kwenye pipa la taka aifute, usione aibu, ni haki yako. Au usiskani kabisa, tuma hiyo pidiefu kwenye namba ya duka au imeili ya duka, hapo angalau unachoacha ni karatasi moja sio maisha yako yote.

Mtu akiingia kwenye akaunti uliyoiacha wazi ni kosa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia bila ruhusa, na naomba vijana wa steshenari wenzangu mlisikie hilo maana kuna wanaochukulia ni utani kupost kwenye status ya mteja. Ila ukweli wenyewe hela ikishaenda imeenda. Wale wa ile hela tuma kwenye namba hii wanabahatisha kwa namba wasizozijua, sasa fikiria meseji inatoka kwenye WhatsApp yako kabisa, na picha yako, inamwambia mjomba wako wa Machame kwamba uko hospitali unahitaji elfu themanini haraka. Mjomba anatuma, hata hapigi.

Alafu kuna hii ya Desemba, ya kwetu kabisa. Mtu anatoka Dar anakuja kula Krismasi nyumbani, kanunua simu mpya, ile ya zamani anampa shangazi kule Kibosho. Anafuta picha za siri, anaona imetosha. Facebook iko ndani. Shangazi hajui hayo, yeye anaona watu wanapita anawasalimia. Kuna kaka mmoja alikaa mpaka karibu na Pasaka hajui kwanini ofisini wanamcheka, kumbe shangazi alikuwa anakoment kwa jina lake kwenye picha za wadada wa kazini, "Umenenepa vizuri mwanangu, kumbe Dar kuna chakula", na kwa meneja wake aliandika anamuombea apate mume. Jamaa alidhani ukibadilisha simu, ile ya zamani inajikata. WhatsApp kweli inajikata, ukiisajili namba kwenye simu mpya ile ya zamani inatoka, labda uwe umeiweka makusudi kama kifaa cha kuunganishwa. Facebook haina habari hiyo, inaweza kukaa kwenye simu kumi. Alinipigia, nikamwelekeza kwenye ile orodha, akamtoa shangazi akiwa Dar, jioni shangazi akapiga kulalamika kwamba simu aliyopewa imeharibika, haioneshi tena wale watu.

Simu ikiibiwa mpangilio unabadilika. Usikimbilie Facebook kwanza, kimbilia laini. Maana namba zote za kuthibitisha zinakuja kwa meseji, na laini iko kwa mwizi. Nenda ofisi ya mtandao wako na kitambulisho, weka alama za vidole, wakupe laini mpya, ile ya zamani inakufa hapo hapo. Alafu isajili WhatsApp kwenye simu yoyote hata ya kuazima, ile iliyoibiwa inatoka yenyewe, ukiwa hapo hapo weka ile pini ya tarakimu sita ya hatua ya pili. Baada ya hapo ndo jimeili, badilisha paswedi na uitoe ile simu kwenye orodha, mwisho Facebook na wengine. Jimeili inatangulia kwa sababu mwenye jimeili yako anaweza kuomba paswedi mpya za akaunti zote zilizobaki. Na simu yenye namba nne za siri 1234 mwizi anaifungua kabla hajafika Kiborloni, so hiyo nayo ibadilishe mapema.

Na kama unauza simu au unamgawia mtu, toa akaunti kabla hujaifuta. Android kuanzia toleo la 5.1 la mwaka 2015 ina ulinzi, mtu akiifuta kwa kubonyeza vile vitufe vya pembeni bila jimeili kutolewa kwanza, ikiwaka inaulizia jimeili ya mwenye zamani na haiendi mbele. iPhone ina kufuli lake toka 2013, hiyo ni kali zaidi. Nazipokea sana hapa, mtu kanunua simu nzuri bei ya kutupwa, kafika nyumbani imegoma, anadhani steshenari tunaweza kuifungua. Kama ni iPhone, mwenyewe akipatikana ni dakika mbili tu, anaingia iCloud, akaunti yake ya Apple, hata akiwa Mwanza anaitoa ile simu kwenye orodha yake. Namwambia mteja mpigie aliyekuuzia amuombe mwenyewe aitoe, na hapo ndo utasikia, aah dada, yule nilikutana nae tu pale stendi.